Jina Lililoandikwa Kwenye Tezi

Tulitoka Msambweni baada ya swala ya alfajiri, mimi na mjomba, kwa matatu ya Likoni. Nilikuwa naenda Mombasa, kwenye Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), kushughulikia kitabu cha baharia. Hadi siku ile bahari niliijua kwa dau la ufuoni Mkunguni tu, ambalo mwenyewe, nahodha na wavuvi ni watu wa mtaa mmoja.

Likoni feri ilizuiwa, meli ipite kuingia Kilindini. Ilipita karibu nasi, ubavu umeliwa kutu, mabaharia wawili wakituangalia kutoka juu. Kwenye tezi, chini ya jina lake, niliona herufi nyeupe: MONROVIA.

"Mjomba, hii yatoka Liberia?"

Akacheka. Yeye alikula chumvi ya bahari miaka mingi. "Huenda Monrovia haijapata hata kuiona, mwanangu."

Tukivuka akanifunza. Meli ina uraia kama mtu, na haipeperushi bendera mbili. Ziko nchi zinazoandikisha meli za raia wake tu. Panama, na Liberia tangu 1948, hupokea meli za wageni kwa ada, na mwenye meli huajiri mabaharia wa taifa lolote. Daftari lenyewe la Liberia huendeshwa kutoka Virginia, Marekani.

Baadaye nilisoma kwamba hila hii ya kuazima bendera pwani yetu yaijua zamani. Majahazi ya Sur, Oman, yaliyokuwa yakija na kaskazi, mengine yalitweka bendera ya Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiyapekue kutafuta watumwa. Ugomvi huo wa Uingereza na Ufaransa ulifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ukaamuliwa 1905.

"Sasa mimi yanihusu nini?" nilimuuliza mjomba kwenye feri.

"Ukivunjika mguu katikati ya bahari, au mshahara usipolipwa, sheria ya kwanza kuulizwa ni ya bendera ile, si ya kwetu Kwale."

Hata hivyo baharia hakuachwa mikono mitupu. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unampa haki ya kubaki na nakala ya mkataba wake wa ajira. Naye mkaguzi wa Kilindini aweza kupanda meli ya kigeni na kusikiliza malalamiko ya baharia.

Kijana wa Diani au Msambweni unayeitiwa kazi ya meli, usiulize mshahara peke yake. Uliza na bendera, kisha nakala moja ya mkataba muachie mama nyumbani.