Kata Moja ya Mbege, Marangu

Ifikapo Desemba, Wachaga wa Dar es Salaam huonekana kana kwamba wamepewa notisi ya kuhama mji. Mabasi hujaa, tiketi hugombewa, nasi tuliozaliwa pwani hubaki tukiwacheka. Mwaka mmoja sikupata nafasi ya kucheka, kwa sababu mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa ndani ya basi hilo hilo, tukimsindikiza rafiki yetu tunayefanya naye kazi karakana moja.

Tulipokuwa tukila Korogwe ndipo alipotueleza kwa nini alikuwa hajakanyaga kwao kwa miaka sita. Baba yao alipofariki, yeye na kaka yake waligombea mpaka wa kihamba. Maneno mabaya yalitamkwa, na mengi, alikiri, yalitoka kinywani mwake.

Kutoka Moshi tulipanda gari dogo hadi Marangu. Hewa ilipoa, na migomba ikatuzunguka pande zote, kahawa ikiwa chini yake na maji ya mfongo yakipita kando ya njia. Kilabu tulichopelekwa kilikuwa banda la mabati lenye mabenchi marefu. Tulimwamkia mama mwenye kilabu, naye alipotambua kuwa tu wageni, alituita uani tuone pombe inavyopikwa.

Ndizi mbivu humenywa, zikachemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, kisha hufunikwa katika pipa siku kadhaa zichachuke. Baadaye huchanganywa na maji na kuchujwa. Kando yake, ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, hupikwa uji mzito uitwao mso. Uji huo ukishapoa huunganishwa na ule mchujo wa ndizi. Uchungu hutoka katika magome ya mti uitwao msesewe. Mama alinipa kipande nitafune. Ulimi wangu haukunisamehe mpaka jioni! Aliongeza kuwa mbege haina subira: isiponyweka ndani ya siku moja au mbili, huwa chachu. Ndiyo maana mpishi hana budi kuwajua wanywaji wake kabla ya kuwasha moto.

Aliijaza kata, akaonja kwanza mwenyewe mbele yetu, kama desturi itakavyo, ili mgeni aone kuwa hakuna hila. Kinywaji kilikuwa cheusi-cheusi, kizito, na povu la ulezi likielea juu. Funda la kwanza lilinikumbusha uji uliochacha. La pili lilileta utamu wa ndizi, na nyuma yake ule uchungu wa msesewe, safari hii kwa adabu. Mwenzangu, mtu wa bia ya chupa, alikunja uso. Hata hivyo sikumwona akiipitisha kata upesi. Mbege si kali, lakini hushibisha, na mtu akishiba hujisahau akaendelea kunywa.

Rafiki yetu hakuwa amegusa kitu. Alitoka nje, akarudi na jani la sale. Mmea huo ndio Wachaga huupanda mipakani mwa vihamba, na jani lake ndilo hupelekwa kwa mtu aliyekosewa, kuomba radhi. Sikujua kama alilichuma penye mpaka ule waliogombea, wala sikuthubutu kumwuliza.

Kaka yake aliingia saa kumi na moja, pamoja na wazee wawili. Alimwona mdogo wake, akasimama mlangoni. Kilabu kizima kilinyamaza.

"Shikamoo kaka," alisema rafiki yetu, akimnyoshea lile jani kwa mikono miwili.

Yule mtu alilitazama kwa muda mrefu kuliko tulivyoweza kustahimili. Kisha alilipokea, akaketi, akaomba kata. Alikunywa, akafuta masharubu, akampa mdogo wake sehemu iliyobaki. Habari ya mpaka waliiacha hadi asubuhi, wakaijadili mbele ya wazee.