Udongo wa Pugu Mlangoni Kwetu

Marehemu baba alipojenga nyumba yetu Msimbazi Bondeni, hapo Mchikichini, aliweka ngazi mbili za kupandia barazani. Nilipofunga mlango kwa mara ya mwisho mwaka 2024, tulikuwa tunashuka ngazi mbili kuingia sebuleni. Nyumba ilikuwa palepale. Tope la mafuriko, pamoja na kifusi tulichomwaga wenyewe kila mwaka kujikinga nalo, ndivyo vilivyotupita kimo.

Nikiwa mdogo, Mto Msimbazi ulikuwa na kingo ndefu za kutelezea. Tulivua kambare, na baba alikuwa na matuta yake ya mchicha na matembele, mama akiyauza kwa mafungu Ilala. Masika maji yalikuwa yanakuja, hilo sikatai. Yanaingia alfajiri, watoto tunapandishwa kitandani, mama anachota kwa karai, na jua likitoka tunaanika mikeka. Hakuna aliyewaza kuhama kwa ajili ya maji ya nusu siku. Mpango wa jiji wa mwaka 1979 ulishalihesabu bonde hili kuwa eneo la hatari, lakini kwa watu wa kipato chetu lilikuwa eneo lililo karibu na Kariakoo, unakwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ndizo zilizotuonyesha kitu kingine. Maji yaliondoka, lakini chumbani likabaki tope jekundu, zito kama uji wa ulezi, limefika kwenye chaga za kitanda. Baba aliokota donge, akalisugua kiganjani mpaka zikabaki chembe za mchanga. Udongo wa bondeni ni mweusi, ukikauka unapasuka vipande vipande. Huu ulikuwa unapukutika.

"Mama Asha, huu si udongo wa hapa," alimwambia mama. "Huu umetoka Pugu."

Mama alimjibu, "Baba Asha, ulikotoka umetoka. Sisi tuondoke." Baba hakuondoka. Aliongeza kozi moja ya tofali kwenye kizingiti, na baada ya miaka michache akaongeza nyingine.

Baba alisema kweli. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Huko miti ilikatwa kwa mkaa, vikapimwa viwanja, na mchanga wa mitoni ukachimbwa kwa ajili ya kujengea jiji. Mteremko ukishavuliwa majani, mvua moja tu inabeba udongo wake. Nao unashuka na mto hadi kwetu, mahali pa tambarare, na hapo maji yakipunguza mwendo unatua. Pale Daraja la Jangwani tumeshuhudia makatapila yakizoa mchanga, na masika ikija mto unajaa tena. Ndiyo maana tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, mvua kubwa ikinyesha Barabara ya Morogoro inafungwa hapo na abiria wa Magomeni wanakwama.

Desemba 20, 2011 kizingiti cha baba hakikusaidia kitu. Siku chache kabla, nchi ilikuwa imesherehekea miaka 50 ya Uhuru, na bendera ndogo za karatasi bado zilikuwa zinaning'inia barazani. Maji yalifika dirishani kabla hatujamaliza kupandisha magodoro juu ya kabati. Tulikaa juu ya bati na majirani, mvua ikitupiga, tukiangalia masufuria yetu yakielea kuelekea Jangwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua kama ile haikuwahi kuonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, wakaanza maisha kwenye mahema. Sisi tulirudi kuzoa tope, kwa sababu genge la mama lilikuwa palepale.

Baadaye zikaja alama nyekundu za X ukutani, na bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015. Mwisho ukaja Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliukopesha Dola milioni 200. Nyumba ikatathminiwa, fidia ikalipwa, tukaondoka.

Nikatafuta mahali pa juu, ambapo mto hautanifikia kamwe. Nikanunua kiwanja Pugu.

Fundi alichonga mlima kwa koleo siku tatu kupata uwanja wa msingi. Tuling'oa mikorosho miwili. Mvua za vuli zilipoanza, maji ya bati langu yalishuka uani yakachimba korongo linalonifika magotini, na asubuhi uwanja wangu ulikuwa umehamia njiani. Niliokota donge. Lilikuwa jekundu, nikalisugua, likapukutika mkononi vilevile kama lile la mwaka 1998. Nilikaa chini kwenye rundo la matofali, sikuweza kuendelea na kazi siku ile. Nilikumbuka tulichokiona mji wa Katesh Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang likiwafukia watu, zaidi ya 80 wakafa. Udongo wa mlima ukishalegea haungoji.

Nimepanda majani ya tembo kwa mistari ya kukatisha mteremko. Maji ya bati yanaingia kwenye tangi, na yanayozidi yanakwenda kwenye shimo nililojaza mawe. Korongo limeanza kujifukia. Ndugu yangu uliyenunua kiwanja Pugu, Kinyerezi au Kisarawe, kabla hujamwita fundi wa kuchonga mlima, acha miti ya kingoni ilivyo na uchimbe kwanza shimo la maji ya bati lako. Mchikichini bado kuna nyumba zenye watu, na udongo wako utafika kwao usiku.