Mto Wenye Ngazi

Kwetu Busi, wilayani Kondoa, mtu akikuambia mwezi wa Juni kwamba anakwenda mtoni, jua anakwenda kuchimba. Mto wakati huo ni njia ya mchanga. Unafukua mpaka mkono unaingia begani, unangoja maji yajichuje, unachota kidogo kidogo kwa kata. Dumu likijaa, punda wa mwenzio anasogea. Kwa hiyo mpwa wangu anayesoma Oxford aliponipigia simu, "Mjomba, ukija tutakodi mashua tushuke na mto siku tatu," nilimuuliza swali moja tu: maji yatafika magotini?

Yalifika, tena yalibaki. Tulipandia Lechlade, mji mdogo ulio karibu na mwisho wa safari za mashua kubwa upande wa juu wa Mto Thames. Mashua yenyewe nilidhani ni basi lililotumbukia: ndefu kama basi la mkoani, lakini upana wake ni mita mbili na kidogo. Ndani mna jiko la gesi, vitanda na choo. Tulipewa somo la nusu saa, tukaachiwa. Nilishangaa sana. Kwetu hata baiskeli ya kukodi unakabidhiwa huku mwenyewe akikusindikiza kwa macho.

Usukani ni mkono wa chuma ulioko nyuma, na una ubishi: ukitaka kwenda kulia, usukume kushoto. Breki hakuna. Unarudisha injini nyuma na kumwomba Mungu. Saa ya kwanza nilichomeka pua ya mashua kwenye matete mara tatu, mpwa wangu akicheka hadi akakaa chini. Halafu barabarani Waingereza hukaa kushoto kama sisi, lakini mtoni hukaa kulia! Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 8 kwa saa. Bibi mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa ukingoni alitupita, akatupungia mkono kwa huruma.

Sasa nikueleze loki, maana ndiyo iliyonitoa jasho. Thames inateremka kwa ngazi, na kila ngazi ina loki. Fikiria josho la ng'ombe: kuta mbili ndefu, nyembamba, zenye utelezi wa kijani, lango mbele na lango nyuma. Mashua inaingia kama mtamba anayesita, lango la nyuma linafungwa, kisha vilango vidogo vya mbele vinafunguliwa na maji yanaanza kutoka. Hakuna kishindo. Unaona tu ukuta unarefuka, na mpwa wako aliye juu ameshika kamba anakuwa mrefu kama mnazi. Umeshuka mita moja hivi. Maji ya ndani na ya mbele yakilingana, ndipo lango la mbele linapokubali kufunguka. Kabla ya hapo hata mje wanaume kumi halitikisiki. Upande huu wa juu ya Oxford malango mengi ni ya mikono: unageuka, unaegemeza makalio kwenye boriti kubwa, unasukuma kinyumenyume. Katika loki ya pili nilikuwa nimeshika ukingo wa mashua kwa nje, ikabana mkono wangu ukutani.

Jioni ya kwanza tulifunga kamba karibu na daraja la mawe la Radcot, lililosimama pale tangu karne ya kumi na tatu au kabla yake kidogo. Nilingoja magharibi. Saa kumi na mbili na nusu, jua liko juu. Saa mbili, bado. Lilizama saa tatu na nusu usiku, nami nimekwishasinzia. Nikatawadha kwa maji ya mto bila kukadiria, ndoo nzima kwa mtu mmoja, nikaona haya kidogo. Busi tunaelekea kaskazini kuswali. Pale tulielekea kusini-mashariki.

Siku ya pili maji ya kunywa yaliisha. Ndiyo, yaliisha, nasi tukielea juu ya maji! Tulipanga foleni kwenye bomba lililo kando ya loki, nyuma ya mashua mbili, mpira mkononi, kama kioski cha maji cha nyumbani. Mto huo haunywewi. Wenyeji wenyewe wanalalamika kwamba mvua ikizidi, maji taka hufunguliwa humo.

Siku ya tatu, baada ya loki ya kumi na moja, tulitokea Port Meadow, malisho ya pamoja yaliyo pembeni mwa Oxford. Ng'ombe walikuwa wamesimama mtoni hadi tumboni, wakipunga mikia. Nilitafuta mchungaji, sikumwona. Nikakumbuka wazee wanavyosimulia mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka, chini ya mradi wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HADO, ili nyasi zirudi.

Nilidhani wenzetu wananyeshewa mara kumi yetu. Mpwa wangu akanionyesha takwimu: Oxford hupata kama milimita 660 kwa mwaka, Dodoma mjini kama 570. Nilimtaka arudie. Tofauti ni kwamba maji yao hudondoka kidogo kidogo mwaka mzima, kisha wanayazuia kwa malango. Yetu huja kwa fujo kati ya Desemba na Aprili, yanabeba udongo, yanakimbilia Mto Bubu hadi mbuga za Bahi, nasi tunabaki na mchanga. Niliwatazama wale ng'ombe muda mrefu, chai ikapoa.

Ukijaliwa kwenda, chukua sweta hata kama ni Juni, na mkiingia loki weka mikono ndani. Kidole changu cha shahada hakijanyooka mpaka leo.