Dalili ya Mvua: Mlio wa Diski Kuu

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema, hata hivyo, afanyeje mtu ambaye mawingu yake hayaonekani angani, bali husikika ndani ya kisanduku kilichowekwa juu ya meza. Hayo ndiyo yaliyomfika mwanafunzi mmoja wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili, usiku wa manane, mwezi wa Agosti 2024, katika chumba chake cha kupanga jijini Nairobi. Alikuwa amezama katika sura ya nne ya tasnifu yake aliposikia mlio: ti, ti, ti; kimya; kisha ti, ti, ti tena. Aliinua macho ukutani akidhani ni mjusi kafiri. Ukuta ulikuwa mtupu. Akarejea kwenye uandishi wake.

Tasnifu yenyewe haikuwa hatarini, kwani msimamizi wake alikuwa na nakala. Kilichokuwa ndani ya kipakatalishi kile, na kisichokuwa mahali pengine popote, ni saa 9 za sauti ya mzee mmoja wa Kibajuni, mkulima wa kisiwa cha Pate, aliyemwimbia vave mnamo Februari 2023. Vave ni nyimbo za wakulima wa Kibajuni, zifungamanazo na kazi ya kuchoma kichaka kilichofyekwa ili kutayarisha shamba. Mzee alijua vipande ambavyo vijana wa kijiji chake hawakuvijua. Kinasasauti kilikuwa cha kuazima. Msichana alizihamisha sauti zote, akakifuta, akakirudisha.

Siku ya mwisho mzee alikitazama kipakatalishi, akauliza:

"Mjukuu wangu, maneno haya umeyatia wapi?"

"Humu, babu."

"Na hiki kikifa?"

Msichana alicheka. Mzee hakucheka. Miezi mitano baadaye, mzee alifariki dunia.

Mlio ule haukuwa wa mjusi. Ndani ya diski kuu ya aina ya kale mna sahani zinazozunguka kwa kasi, aghalabu mara 5,400 kwa dakika katika vipakatalishi. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia. Nafasi baina ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu, hata chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho ni kama jabali katika njia hiyo. Kichwa kinapopotewa na alama zinazokiongoza, hurudi kilikoanzia, kikajaribu tena, kikarudi tena. Kule kwenda na kurudi ndiko kunakotoa ule mlio wa kugonga. Mlio wa kukwaruza ni mbaya zaidi, kwani huenda kichwa kimeigusa sahani na kinakwangua palipoandikwa. Nayo diski inayonguruma kidogo au kulia pasipo kuzunguka, yamkini mota yake imekwama.

Hayo yote msichana hakuyajua. Usiku wa pili alifungulia muziki ili asiusikie mlio. Usiku wa tatu, faili moja ya sauti ilichukua dakika nzima kufunguka. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu, na hofu ikamfanya atende mengi. Alikizima kipakatalishi na kukiwasha mara saba. Jirani mmoja alimshauri akigonge kwa kiganja, akakigonga. Jirani wa pili alimshauri aitoe diski, aitie katika mfuko wa plastiki na kuilaza ndani ya jokofu, dawa ambayo watu wamekuwa wakipokezana kwa miaka mingi. Hiyo aliikataa, na heri alivyoikataa, kwani unyevu huganda juu ya sahani na kuzidisha madhara. Lakini usiku ule ule aliiamuru tarakilishi ijikague na kujirekebisha yenyewe, akalala. Kichwa kilichokuwa mahututi kikalazimishwa kuipitia diski yote, pembe kwa pembe, hadi alfajiri. Asubuhi mlio haukuwa na vituo tena.

Fundi aliyempelekea, mtu mzima mwenye kibanda katikati ya jiji, hakuuliza bei ya kipakatalishi wala mwaka wa kutengenezwa.

"Dada, tangu uusikie mlio, umekiwasha mara ngapi?"

"Labda mara nane."

"Mlio ukisikika, mara moja ni nyingi."

Kisha alimweleza mambo ambayo yafaa kila mwenye tasnifu ayajue. Mlio usio wa kawaida ukianza na faili zingali zinafunguka, mtu asifanye lolote jingine. Anakili kwanza kile kisichopatikana kwingine, baadaye vingine vyote. Faili zikikataa, au mlio ukiwa wa kukwaruza, azime papo hapo na asiwashe tena. Asiigonge diski, asiifungue kifuniko, wala asiendeshe programu ya kurekebisha, kwa kuwa programu hiyo hutengeneza mpangilio wa faili, haiponyi chuma. Diski ikihitaji kufunguliwa, sharti ifunguliwe katika chumba ambacho hewa yake imechujwa vumbi, na gharama yake si haba. Wala mwenye diski ya kisasa isiyo na sahani asijione amesalimika. Hiyo haina kinachozunguka, kwa hiyo yaweza kufa kimya kimya, bila hata mlio wa kumwonya mwenyewe.

Fundi aliifunga diski kwenye tarakilishi yake na kutumia programu inayonakili kwanza sehemu zisomekazo kwa urahisi, na kuziacha zile ngumu hadi mwisho. Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya tatu diski ilinyamaza, isiamke tena. Katika saa 9, zilipatikana 6. Miongoni mwa zilizopotea mlikuwamo nyimbo za siku ya mwisho.

Wanafunzi wa fasihi hawana udhuru wa kutolijua somo hili, maana historia ya ushairi wa Kiswahili imejaa visa vyake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilidumu vifuani mwa watu hadi mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmishenari W. E. Taylor walipozikusanya na kuziandika. Diwani yake ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya kifo chake. Tungo hizo zilivuka karne nzima kwa sababu hazikuwa na mlinzi mmoja: huyu aliposahau, yule alikumbuka. Zile ambazo zilikuwa na mlinzi mmoja tu, leo hakuna ajuaye hata kwamba ziliwahi kuwapo.

Mnamo Desemba 2024 msichana alirudi Pate akiwa na fleshi tatu: moja ya familia ya marehemu, moja ya mwalimu wa shule ya kijiji, moja yake. Nakala nyingine aliiacha katika hifadhi ya mtandaoni. Mjane wa mzee alisikiliza saa nzima bila kusema neno. Alipoulizwa kuhusu nyimbo zilizopotea, aliimba mbili, polepole, huku wajukuu wakizirekodi kwa simu zao. Ya tatu alikumbuka mwanzo wake tu. Alijaribu tena na tena, akatikisa kichwa.

"Hiyo alikuwa akiijua yeye," alisema.

Katika tasnifu iliyowasilishwa mwaka uliofuata, wimbo huo una beti moja na nusu. Chini yake pameachwa nafasi tupu, na msichana hakutaka msimamizi wake aiondoe.