Karoti Haihamishwi

Werugha,
Mei 4

Mwanangu mpendwa,

 

Picha uliyotuma nimeipata. Karoti nane juu ya sinia, hii ina miguu miwili, ile mitatu, nyingine imejiviringa kama mkia wa kinyonga. Umeandika kwamba Voi si mahali pa karoti na kwamba tuta lako utalitia sukuma wiki. Sukuma panda, sikukatazi, ila Voi usiisingizie. Nilipokupigia simu uliniambia kwamba mbegu ulizisia kwenye kitalu, ukangoja miche ifike urefu wa kidole, kisha ukaihamishia kwenye tuta kama tunavyofanya na nyanya. Kosa ni hilo.

Karoti haihamishwi, mwanangu. Tunachokula ni mzizi wake mkuu wenyewe, nao huanza kushuka mara tu mbegu inapopasuka, wakati juu bado hujaona hata jani. Ukiung'oa mche, ncha ya ule mzizi mwembamba kama uzi hukatika au hukunjika, na mzizi uliopoteza ncha hutoa miguu. Mbegu ya karoti hulala pale pale karoti itakapovunwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanywa kabla mbegu haijatoka kwenye pakiti.

Udongo wa hapo kwako naujua. Ni ule mwekundu, ukilowa unanata, ukikauka jembe linadunda. Mzizi ukigonga bonge gumu au kokoto hupinda au hugawanyika, hauna njia nyingine. Wataalamu wa kilimo cha maeneo kame hupendelea vitalu vilivyozama na mashimo, ili tone la mvua lisipotee, nami nawaunga mkono kwa mahindi na kunde. Karoti inataka kina na ulaini, kwa hiyo kwake tuta la kuinuliwa ni sahihi, mradi usiliinue kupita kiasi, maana tuta refu katika joto la Voi hukauka kabla ya saa sita. Chimba chini kwa jembe uma, sentimita 15 au 20, kisha inua kiasi hicho hicho juu. Upana mita moja, ili ufikie katikati bila kukanyaga. Ubao wa kuzungushia usinunue, mchwa wataumaliza. Zungushia mawe. Wazee wetu walijenga kingo za mawe kwenye miteremko ya Taita, nasi bado tunalima juu yake.

Udongo wa kujazia upitishe kwenye chekeche, uchanganye na mchanga na mboji iliyooza hadi haina harufu. Narudia, iliyooza. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilijaza shamba samadi mbichi ya mbuzi nikidhani naikirimu karoti. Majani yalistawi hata majirani wakaja kutazama. Tulipong'oa, chini kulikuwa na vidole vidole vyenye manyoya ya mizizi, na sokoni hakuna aliyenunua hata fungu moja. Nililia siku hiyo, na mamangu mkwe hakusema neno. Alinionyesha tu lundo la mboji nyuma ya zizi.

Sasa joto. Huku mlimani tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, nawe uko kwenye mita 600 hivi. Karoti hufurahia hewa ya nyuzi 16 hadi 21, na jua la Februari hapo Voi litakupa karoti fupi zilizopauka. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti Voi hupoa, na huo ndio msimu wako. Sia mwisho wa mwezi huu. Chora mifereji yenye kina cha sentimita moja, iachane sentimita 20, nyunyiza mbegu kwa wembamba, funika kwa udongo laini.

Siku zinazofuata ndizo zinazoua karoti nyingi za maeneo kame. Mbegu huchukua siku 7 hadi 21 kuota, na tabaka la juu likikauka hata mchana mmoja, kilichoanza kuchipuka kimekufa. Tandika gunia lililoloweshwa juu ya tuta, mwagilia asubuhi na jioni, na kuanzia siku ya tano funua pembe uchungulie. Ukiona nyuzi za kijani, ondoa gunia jioni hiyo hiyo, kisha simamisha kivuli chepesi cha nyasi kwa wiki mbili. Maji yawe ya bomba au ya mvua uliyokinga. Kisima chenye maji ya chumvi kiache, karoti ni dhaifu sana mbele ya chumvi. Na usimwagilie leo kwa ndoo tatu kisha ukasahau siku nne, mizizi itapasuka.

Miche ikifika urefu wa kidole, punguza hadi ibaki sentimita 5 kati ya mmoja na mwingine. Utaona huruma. Punguza tu, na usijaribu kupanda uliyoing'oa. Kichwa cha karoti kikichungulia juu, kifunike kwa udongo, la sivyo jua litakigeuza kijani na kitakuwa kichungu.

Kuku na tumbili wazuie kwa matawi ya miiba. Tembo hapana wa kuwazuia kwa miiba, hilo unalijua kuliko mimi, basi tuta likae karibu na mlango wa jikoni na maji usiyaache wazi usiku.

Baada ya siku 75 hadi 100 fukua moja kwa kidole utazame unene. Kabla ya kung'oa, mwagilia jioni ya jana yake, shika shina la majani chini kabisa, vuta wima. Majani yakate papo hapo, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji ya mzizi hata baada ya kung'olewa. Ng'oa za siku hiyo tu. Zilizobaki udongoni ziko salama kuliko kwenye kikapu.

Mbegu nimekununulia aina ya Chantenay, fupi na nene, inayovumilia udongo mzito. Pakiti ni ya mwaka huu, usichanganye na zile zako za zamani. Nimeifunga ndani ya mfuko wa maharagwe, nami nitamkabidhi dereva wa matatu ya Jumamosi asubuhi. Atafika stendi ya Voi kabla ya saa nne.

Shangazi yako