Kuitisha Dume Si Kukomaa Nyonga

Mtamba akianza kulia zizini usiku kucha na kupanda wenzake, watu wa boma hufurahi. Aghalabu furaha hiyo ndiyo huzaa kilio. Joto hukuonyesha kwamba mayai yameanza kukomaa. Halikwambii lolote kuhusu upana wa njia atakayopitia ndama. Mtamba wa Friesian aliyelishwa vyema anaweza kuitisha dume akiwa na miezi 10 au 11, ilhali mifupa ya nyonga yake itaendelea kukua hata baada ya kuzaa mara ya kwanza.

Nayasema haya kwa sababu kwetu Nyandarua kuna mvutano nyumbani. Nina mtamba wa miezi 13 na joto limemjia mara mbili nikishuhudia. Shemeji yangu, ambaye alitoa nusu ya pesa za kumnunua, ameshikilia apandishwe sasa hivi ili maziwa yaje mapema na watoto walipiwe karo. Nimekataa katakata. "Shemeji," nilimwambia, "ng'ombe aliyekufa hakamuliwi."

Huenda ukaniona mwoga. Basi sikiliza yaliyompata jirani yangu, mama mjane ambaye mtamba ndiye aliyekuwa tegemeo lake. Mtamba huyo alipandwa na dume la kijijini kabla hajatimiza mwaka. Siku ya kuzaa ilipowadia, alihangaika tangu alfajiri. Kufikia saa nne wanaume sita walikuwa wameshika kamba ya katani. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka, kisha ndama akakwama kiunoni. Wakazidi kuvuta. Ndama alitoka maiti, naye mama yake hakusimama tena; miguu ya nyuma ilitanuka huku na huku kama ya chura. Siku ya tatu alichinjwa. Daktari wa mifugo aliomba nyonga itolewe nzima kabla ya kupasuliwa kwa shoka, akatuonyesha.

Ni pete ya mfupa. Juu kuna mfupa wa uti wa mgongo unaotangulia mkia. Kila ubavu kuna mfupa wa nyonga. Na chini mifupa hiyo miwili hukutana ikashikwa na gegedu. Tundu lenyewe si duara kamili. Lina urefu wa kwenda juu kuliko upana, mfano wa yai lililosimamishwa. Kiuno cha ndama nacho ni kipana kwa upande. Ndiyo sababu ndama akikwama pale mtaalamu humzungusha robo mzunguko, upana wa kiuno ufuate urefu wa tundu. Kuvuta moja kwa moja ni kugonganisha mfupa na mfupa. Kano za karibu na mkia hulegea siku za mwisho, nawe utaona pande za shina la mkia zikibonyea, lakini mfupa wenyewe haupanuliwi na kamba, wavute sita au kumi.

Tena ndani ya pete hiyo, kila upande, hupita mshipa wa fahamu unaofanya miguu ya nyuma ijikusanye pamoja. Ndama akiubana mfupani kwa muda mrefu, ng'ombe huanguka kama alivyoanguka yule wa jirani.

Wachuuzi wa mnadani watakusifia mtamba mwenye makalio mapana. Usidanganyike. Upana wa nje haukupi habari za kuaminika za ndani. Marekani wafugaji wa ng'ombe wa nyama huwaita madaktari wakapima kwa chombo kinachoingizwa kupitia njia ya kinyesi, kisha urefu wa tundu huzidishwa kwa upana. Hata hivyo mtamba mwenye tundu kubwa mara nyingi ana umbo kubwa, na ndama wake huwa mkubwa vilevile! Kwa hiyo uzito wa ndama ni nusu ya hesabu, au zaidi. Ubelgiji kuna ng'ombe waitwao Belgian Blue, waliojaa misuli hivi kwamba wengi huzaa kwa kupasuliwa.

Ndama wa Friesian huzaliwa na kilo 40 hivi, wa Jersey takriban 25. Zebu wetu wadogo huzaa ndama wepesi, mara nyingi bila msaada wa mtu.

Kuna wanaomnyima mtamba chakula miezi ya mwisho eti ndama awe mdogo. Ndama hapungui sana. Mama ndiye huishiwa na nguvu za kusukuma. Anayemnenepesha kupita kiasi naye hujaza mafuta katika njia ileile. Na chupa ya maji ikipasuka, saa mbili zikapita bila dalili ya kuendelea, mwite daktari wala si vijana wa kamba.

Utepe wa kupimia kifua ulinionyesha juzi kwamba mtamba wangu ana kilo 240. Nangoja afike 300, yaani karibu asilimia 60 ya uzito wa Friesian mzima wa kilo 500. Wakati huo nitamwita mpandishaji, nimwombe mbegu ya Jersey. Kabete wamekuwa wakitoa mbegu tangu 1946, na sijui kwa nini tunazoea kuulizia dume kubwa badala ya lile linalojulikana kwa ndama wepesi.

Shemeji analalamika kwamba tutapata chotara, na akiwa jike hataleta bei ya Friesian halisi sokoni. Hapo anasema kweli, ni hasara. Nimeikubali kwa uzao wa kwanza tu. Wa pili atachagua dume yeye mwenyewe. Bado hajanijibu. Karo ya muhula ujao italipwa na viazi, na tayari nimeanza kuvipalilia.