Dakika ya Tano

Nilimdanganya mama mmoja hapa Kitengela, na sasa nataka kulisema jambo hilo kama lilivyokuwa.

Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na foleni ya kliniki imefika hadi nje. Mwanawe alikuwa na homa na anatapika. Walikuwa wametoka ushago, Busia, walikokwenda kula Krismasi. Mama alinieleza hayo. Niliyaandika bila kuyasikia. Huku kwetu Kajiado ni nchi kavu, malaria hatuitarajii sana, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ni tumbo.

Nilimtoboa mtoto kidole, nikaweka damu kwenye kaseti ya kupima malaria, maikrolita 5 tu, nikadondosha bafa. Ndani ya kaseti hamna pampu wala umeme. Karatasi yenyewe huvuta majimaji, damu ikatambaa taratibu pamoja na kingamwili zilizobebeshwa chembe za dhahabu. Protini ya vimelea ikiwemo, hunaswa kwenye mstari wa T, na mstari unaanza kukolea. Kutambaa huko ndiko kupima kwenyewe. Maelekezo ya kaseti zetu yalisema dakika 15.

Mimi nilisoma dakika ya tano. Mstari wa C ulikuwa umetokea, na C husema tu kwamba majimaji yamepita. Nikaandika “hasi”, nikampa ORS na dawa ya kushusha homa.

Usiku wa pili mtoto alirudishwa na degedege. Slaidi ilijaa vimelea. Tulimchoma artesuneti tukamkimbiza hospitali.

“Sista, si ulisema si malaria?”

Nikamjibu kwamba siku za kwanza vimelea hujificha. Akaniamini. Akanishukuru, hata.

Asubuhi niliitafuta ile kaseti kwenye ndoo ya taka. T ilikuwepo, hafifu. Lakini kaseti iliyolala haisomwi tena, mstari wake unaweza kuwa wa uongo, na kanuni hiyo ya kweli niliifanya ngao: hakuna ushahidi dhidi yangu. Ushahidi ninao. Niliitazama saa ya ukutani kabla ya kuandika.

Mtoto alipona. Kila nikikutana na mama yake sokoni huniita “sista wetu”, na wiki jana sikuweza tena kuitikia. Nilimvuta kando nikamwambia yote, saa, kaseti, hata lile jibu la kujificha.

Alinyamaza, mfuko wa nyanya mkononi. Kisha akaniuliza zilikuwa zimebaki dakika ngapi.

Nikamwambia kumi.